Mionzi ya saratani ya kongosho: Kabla hamjauza boti, ulizeni

Safu hii imezoea kukuletea habari za maji ya kunywa, vyoo na kipindupindu, mambo ambayo sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunayajua kwa machungu yake. Leo niwie radhi, tutazungumzia saratani ya kongosho na tiba yake ya mionzi. Si ugonjwa wa kila nyumba. Lakini unapoingia katika nyumba unaweza kuondoka na mgonjwa pamoja na mali yote ya warithi, na hili la pili linazuilika.

Mwaka 2024, ziwa likiwa limefungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei, walinijia vijana watatu hapa Bangwe baada ya sala ya Isha. Ni ndugu wa baba mmoja, na baba yao alikuwa jirani yangu wa siku nyingi, mwenye boti za dagaa. Mzee alikuwa amegeuka manjano macho na ngozi, anajikuna usiku kucha, na kanzu zake zote zimempwaya. Kipimo cha picha kilikuwa kimeonyesha uvimbe kwenye kongosho. Kijana mkubwa alinipa simu nimsomee ujumbe wa Kiingereza uliotoka kwa wakala: kuna hospitali nje ya nchi inafanya majaribio ya mionzi ya kulenga kwa wagonjwa ambao saratani yao ya kongosho imeshakuwa kubwa, nafasi zimebaki chache, tumeni fedha ya kushika nafasi. Mnunuzi wa boti na injini alishapatikana. Na kwa kuwa ziwa lilikuwa limefungwa, bei aliyotaja ilikuwa ya kumkomoa mtu.

"Baba mdogo," akaniambia, "tusipouza watu watasema tumemwacha mzee afe huku tunaangalia boti."

Mimi nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, sikuwa bingwa wa saratani. Lakini nilichowaambia usiku ule ndicho ninachokuandikia hapa: majaribio ya mionzi hiyo yapo kweli, na ni kazi njema inayofanywa na watu makini. Ila mpaka leo hayajaonyesha kwamba yanarefusha maisha ya mgonjwa kama baba yenu kiasi cha kuuza riziki ya nyumba nzima. Na jaribio la kweli haliuzwi kwa kushika nafasi.

Hebu tuanze na kongosho lenyewe, maana wengi hatulijui mpaka liumwe. Ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo. Inatoa majimaji ya kusaga chakula, hasa mafuta, na inatoa insulini inayodhibiti sukari. Kwa kuwa imejificha huko nyuma, uvimbe hukua kimya kimya. Ukiwa upande wa kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo, na hapo ndipo mtu anapogeuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka na mwili unawasha. Ukiwa upande wa mkia haumbani mtu mapema. Anasikia maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni na kuzidi akilala chali. Wengine dalili ya kwanza ni kisukari kinachowaanza utu uzima huku wanakonda bila sababu.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Maumivu ya chembe tunayaita vidonda vya tumbo, tunameza dawa za duka miezi mitatu. Umanjano tunauita homa ya manjano au ini, tunachemsha mizizi. Mwili ukiwasha tunasema kuna mkono wa mtu. Sina ugomvi na asali wala habasoda, na dua ni silaha ya Muislamu. Lakini mtu mzima aliyegeuka manjano bila homa apelekwe Maweni juma hilo hilo, apigwe picha ya tumbo. Upasuaji wa kuondoa uvimbe ndio pekee wenye matumaini ya kuponya kabisa, na unawezekana kwa wachache tu waliowahi, ambao saratani yao haijakumbatia mishipa mikubwa ya damu wala kuruka kwenda kwenye ini. Hata Marekani, pamoja na vifaa vyote walivyonavyo, wanaofikisha miaka 5 tangu kugundulika ni kama 13 tu katika kila wagonjwa 100.

Wale ambao uvimbe wao umekumbatia mishipa, na kisu hakiwezekani, ndio wanaofanyiwa majaribio haya ya mionzi. Kwa nini iwe majaribio wakati mionzi inatibu saratani tangu zamani? Kwa sababu ya mahali lilipo kongosho. Limegusana na mwanzo wa utumbo mdogo, na utumbo haustahimili mionzi mingi. Ukizidisha unatoboka au unavuja damu. Tena kongosho halitulii, hupanda na kushuka kila mtu anapovuta pumzi. Zamani walikuwa wanatoa dozi ndogo ndogo kila siku ya kazi kwa wiki 5 au 6, ili utumbo upate kupumua. Dozi hiyo uvimbe mwingi uliistahimili.

Mionzi ya kulenga ni fikra nyingine. Mvuvi wa Bangwe ataielewa upesi kuliko msomi wa mjini. Ukiwasha taa moja ya dagaa, maji yanapata mwanga kidogo. Ukizipanga taa nyingi pande zote na zote zikamulika mahali pamoja, pale zinapokutana panakuwa mchana, na pembeni bado ni giza. Ndivyo mashine inavyofanya: inapiga mionzi myembamba kutoka pande nyingi, kila mmoja ukipita mwilini bila madhara makubwa, na yote inakutana kwenye uvimbe. Dozi nzima inatolewa kwa siku 5 hivi badala ya wiki 5. Ili wasikose shabaha, madaktari huweza kupandikiza vipande vidogo vya dhahabu ndani ya uvimbe kama alama, wakamwambia mgonjwa abane pumzi, au wakatumia mashine inayopiga picha wakati huo huo inapochoma.

Je, majaribio yamesema nini? Hapa nakuomba uwe na subira, maana wakala hawezi kukueleza haya.

Jaribio kubwa lililoitwa LAP07, lililoongozwa kutoka Ufaransa na matokeo yake kutolewa mwaka 2016, liliwachukua wagonjwa ambao kisu hakiwezekani. Baada ya miezi ya dawa za saratani, nusu waliendelea na dawa na nusu walipewa mionzi ya kawaida pamoja na dawa. Waliopata mionzi, uvimbe ulitulia zaidi pale pale ulipo. Lakini umri ulikuwa ule ule: waliopata mionzi waliishi wastani wa miezi 15.2, waliobaki na dawa pekee miezi 16.5. Kwa lugha ya kitabibu, hakuna tofauti. Saratani ilikuwa imeshatupa mbegu kwingine ambako mionzi haikufika.

Watu wakasema, hiyo ilikuwa mionzi ya kizamani, ngojeni ya kulenga. Marekani wakafanya jaribio lililoitwa A021501, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa mpakani, huenda ukapasulika. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Baada ya miezi 18, waliokuwa hai katika kundi la dawa pekee walikuwa kama 67 kwa kila 100, na katika kundi lililoongezewa mionzi walikuwa kama 47. Upande wa mionzi ulifungwa mapema, kabla jaribio halijaisha. Wapo wataalamu wanaolalamika kwamba mionzi yenyewe ilikuwa hafifu na wagonjwa walikuwa wachache, na huenda wana hoja. Lakini msomaji, hivyo ndivyo jaribio la kweli linavyokuwa. Linaweza kukutia aibu, na likikutia aibu unalitangaza.

Yapo pia ya kutia moyo. Mwaka 2023 zilitoka habari za jaribio la SMART, wagonjwa 136, dozi kubwa kwa siku 5 kwa mashine inayoona uvimbe wakati inapochoma. Utumbo wao haukudhurika kama ilivyohofiwa. Lakini hawakuwa na kundi la kulinganisha, na ndiyo sababu limeanzishwa jingine linalogawa wagonjwa kwa kura. Mwaka 2024 likatoka jingine dogo, EXTEND, la wagonjwa 41 ambao saratani ilikuwa imeruka sehemu chache, zisizozidi 5. Waliochomwa kila sehemu pamoja na dawa, ugonjwa ulikaa kimya kwa miezi kama 10, wenzao waliopata dawa pekee miezi 2 na nusu. Ni habari njema, ila watu 41 ni wachache kuliko safu mbili za msikiti wetu siku ya Ijumaa.

Mimi jaribio lililonigusa kuliko yote halikuwa la kurefusha maisha. Nyuma ya kongosho kuna fundo la mishipa ya fahamu, na saratani ikifika hapo ndiyo yale maumivu ya mgongo yanayomfanya mzee akae ameinama mbele usiku mzima, hawezi kulala wala kuswali kwa utulivu. Watafiti wa nchi kadhaa walilenga fundo hilo kwa mionzi ya mara moja tu. Matokeo yalitoka mwaka 2024: katika wagonjwa 90 waliopimwa baada ya wiki 3, zaidi ya nusu walipata nafuu ya maumivu. Hapo mionzi haikuahidi miaka. Iliahidi usingizi, na kwa wengi ikatimiza.

Sasa turudi kwetu. Mionzi Tanzania ipo. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo jengo lake kongwe ni la tangu enzi za Wajerumani, ni taasisi kamili tangu mwaka 1996, na mwaka 2018 ilipata mashine za kisasa zisizotumia kobalti. Bugando, Mwanza, nako kuna tiba ya mionzi. Jirani zetu wa Kenya wana mashine ya CyberKnife, ambayo ni ya kulenga hasa, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta karibu na Nairobi, tangu mwaka 2023. Kwa hiyo si kweli, kama alivyodai wakala, kwamba Afrika Mashariki hakuna kitu.

Lakini mashine si mapambo. Waganda walikuwa na mashine moja tu ya mionzi kwa nchi nzima, pale Mulago. Ilikuwa kuukuu, na mwaka 2016 ikafa. Mpaka mwishoni mwa mwaka 2017 ndipo nyingine ilipofungwa. Muda wote huo mgonjwa alihesabu nauli ya Nairobi au alisubiri. Nayasema haya kwa sababu foleni ya mionzi katika nchi zetu imejaa akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambao kwao mionzi inaponya kabisa wakiwahi. Anayedai kila mkoa uletewe mashine ya kulenga kongosho kabla akina mama hao hawajahudumiwa, simuungi mkono.

Na ikitokea umeambiwa kuna jaribio, uliza bila haya. Hapa Tanzania utafiti wa tiba kwa binadamu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili ya NIMR, na wa dawa na vifaa tiba unahitaji pia idhini ya TMDA. Waulize namba ya kibali. Utapewa karatasi ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, uende nayo nyumbani, usome na wanao, na una haki ya kukataa au kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Kujiandikisha hakuna ada. Nchi nyingine nauli, malazi na matibabu ya kawaida vitakuwa juu yako, hilo nalo waulize mapema. Usiogope kuitwa panya wa maabara. Dawa ya malaria anayomeza mwanao leo imepita kwa watu waliokubali kujaribiwa. Mwogope yule anayekwambia nafasi inaisha leo saa sita usiku.

Yapo maswali ambayo nyumba za Kiislamu huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini. Je, mgonjwa aliyechomwa mionzi ya mashine anabaki na sumu mwilini, tumtenge na wajukuu? Hapana. Mashine ikizimwa mionzi imekwisha. Ale sahani moja na watoto, alale na mkewe. Alama za wino anazochorwa tumboni? Asizisugue mpaka tiba iishe. Wino huo ni rangi, si gundi, hauzuii maji kufika kwenye ngozi. Vidonge vya kusaidia kusaga mafuta? Hapa lazima niseme wazi kwa sababu wengi hawaambiwi: vile vya vimeng'enya vya kongosho hutengenezwa kutokana na nguruwe. Mgonjwa akikosa anaharisha mafuta na kukonda kwa njaa huku anakula. Wanazuoni wengi wameruhusu kwa dharura pasipo na mbadala, lakini peleka suala lako kwa sheikh unayemwamini ukiwa na maelezo ya daktari, usikatae kimya kimya wala usimfiche mgonjwa. Na morfini? Anayeinywa kwa kipimo cha daktari kwa maumivu ya saratani si mlevi, na masheikh niliowauliza mimi hawakuona tatizo. Nimeona mzee akikataa morfini kwa kuogopa dhambi huku analia mbele ya wakwe zake. Jambo lile lilinisumbua sana.

Jingine ni hili la kumficha mgonjwa. Vijana wale watatu walikuwa hawajamwambia baba yao ni saratani. Wamemwambia ni nyongo. Sasa mtu mwenye madeni ya nyavu kwa watu wanne, mwenye amana ya yatima mmoja, ataandikaje wasia kwa ugonjwa wa nyongo? Na boti mnayoiuza ni ya nani, yenu au yake? Niliwauliza hivyo, wakatazamana.

Hatimaye waliuza injini moja tu, wakampeleka hospitali kubwa. Huko ilionekana saratani imeshafika kwenye ini, kwa hiyo hata jaribio lile, lingekuwa la kweli, lisingempokea. Aliwekewa mrija mdogo wa kufungua njia ya nyongo. Umanjano ukapungua, kujikuna kukaisha, akaanza kula ugali kidogo na mgebuka. Alipewa morfini ya maji. Akaambiwa ukweli na daktari, mbele ya wanawe, akanyamaza kitambo kisha akauliza tarehe ziwa litakapofunguliwa. Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti. Siku ile alikuwa amerudi Bangwe, amekaa kwenye kiti mwaloni, akiwaelekeza wanawe nani analipwa nini kwenye mauzo ya kwanza ya dagaa. Alifariki miezi minne baada ya usiku ule waliokuja kwangu, Allah amrehemu.

Kijana mkubwa bado ananiamkia, lakini najua moyoni anasema huenda nje wangeweza. Sikumlaumu, na sikuweza kumwonyesha kwamba anakosea. Kitu kimoja tu alichoniambia mwenyewe, kwamba chupa ya morfini ilipokwisha walihangaika siku mbili kupata nyingine, na siku mbili zile ndizo anazoziota. Ndiyo maana nikiulizwa nini kianze katika mkoa huu, jibu langu ni hilo: morfini isikauke, na mzigo wake usiishie mjini bali ufike mpaka zahanati za mwambao ambako hata daladala haziendi.